Aliyelipia Pazia

Vijana wa boda wanaoegesha karibu na msikiti wetu hapa Wabera, mjini Isiolo, wana mchezo wao nami. Nikitokea na kikapu cha sokoni, mmoja ananiuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mzee Pazia, leo unakaa mbele ama nyuma?" Kabla sijajibu mwingine anadakia, "Mbele ni ya rubani! Mzee, wewe leo ni ekonomi!" Tunacheka wote, napanda nyuma, tunaenda.

Jina hilo nimelizoea. Wengi wenu mnajua lilikotoka, au mnadhani mnajua: kwamba nilipokuwa mhudumu wa ndege nilimfungia pazia mama mmoja mzee wa Garbatulla ili aweze kula kwa heshima yake, na kwamba bila mimi mama yule angefia angani. Nimeisikia habari hiyo ikisimuliwa arusini, nikiwa nimekaa papo hapo na sahani ya pilau mapajani, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Sasa baadhi yenu mmeitwa kwenye usaili wa mashirika ya ndege ya Ghuba, na mmekuja kugonga mlango wangu kuuliza kazi ile ikoje. Nimeona niandike, maana nikiongea huwa naruka mambo. Nitaandika ninachokijua kuhusu watu wa mbele na watu wa nyuma ya ndege, na habari ya pazia nitaiandika yote.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaenda Nairobi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga trei za chakula cha ndege kwenye jiko kubwa karibu na uwanja. Kule ndiko nilikojua kwamba abiria si wamoja. Trei ya nyuma ina kijiko cha plastiki na kila kitu kimefunikwa karatasi. Ya mbele ina sahani ya udongo, kitambaa cha mezani na chombo kidogo cha chumvi ambacho watu wazima na heshima zao walikuwa wakiondoka nacho mfukoni. Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba wanaoiba vijiko ni wale wa nyuma. Wa nyuma huchukua mkate, anamtilia mtoto wake kwenye mkoba. Ukimwona, usijifanye hukumwona tu. Mletee na wa pili.

Nilipopandishwa kuwa mhudumu, aliyenifunza ni Bi Apondi, mama mnene wa Kisumu aliyekuwa akipita kwenye ule ujia mwembamba bila kumgusa mtu bega. Alikuwa na mbinu zake, na nyingi hazikuandikwa kwenye kitabu chochote cha shirika. Akimwona abiria anaushika mkanda kama ameshika nyoka, hakumwambia, "Funga hivi." Alikuwa akikaa kwenye kiti kitupu cha jirani, anajifunga wake polepole huku akizungumza habari za mvua, kisha anafungua, anaondoka. Yule mtu ameshaona. Choo hivyo hivyo. Mtu anayesafiri mara ya kwanza hajui ule mlango unakunjwa katikati. Atausukuma, atauvuta, atarudi kukaa na haja yake hadi mwisho wa safari kuliko kuuliza mbele za watu. Bi Apondi alikuwa akienda kana kwamba anakagua usafi, anaufungua mlango wazi, anauacha wazi, anapita na macho yake juu.

"Mtu wa nyuma anaogopa kukusumbua," aliniambia, "na mtu wa mbele anaogopa usimwone. Wote wana woga. Ukijua hilo hutamdharau mmoja wala kumnyenyekea mwingine."

Halafu kuna jambo jingine alilonifundisha, nami nililishika nusu. Alisema mtu mwenye haya akikataa kitu mara ya kwanza, hiyo ni adabu. Mwulize tena. Akikataa tena, mwulize kwa nini, kisha nyamaza usikilize. Mimi nilishika ile ya kuuliza tena na tena. Ile ya kunyamaza ilinipita.

Makosa yangu yalianza mapema. Siku moja aliingia mzee mmoja amevaa kikoi na kandambili, akageukia mbele. Nikamwomba kadi yake ya kupandia. Akanionyesha, akakaa. Baada ya muda nikamrudia, nikamwomba tena, eti nihakikishe. Akaitoa bila haraka, akanipa, akaniambia, "Hii ni mara ya pili, kijana. Yule wa tai hapo umemwuliza mara ngapi?" Yule wa tai nilikuwa sijamwuliza hata mara moja. Tena ndiye aliyekuwa amekaa kiti kisicho chake.

Nililia aibu ile. Lakini sikilizeni aibu hiyo ilinifanya nini, maana hapo ndipo nilipopotea. Badala ya kujifunza kwamba sijui watu, nilijifunza kuwachukia wa mbele. Nikaanza kuwahesabia makosa. Yule anayenyoosha glasi bila kukutazama. Yule aliyeniambia nifunge pazia kwa sababu mtoto wa nyuma analia, kana kwamba kitambaa kinazuia kilio. Yule aliyewaangalia watu wakipita kwenda nyuma na mizigo yao kama anayehesabu mbuzi wa jirani. Wa nyuma nikawahurumia, na nikajiona mtu mwema sana.

Na huku nikiwa hakimu hivyo, mimi mwenyewe nilikuwa nikiulizwa natoka wapi, najibu Nanyuki.

Nawaona mnacheka. Nanyuki ina watalii, ina mlima, ukiitaja mtu wa mbele anafurahi, anakuambia aliwahi kulala hoteli fulani. Isiolo niliwahi kuitaja mara moja tu. Yule bwana akaniuliza kama tunalala na bunduki, wenzake wakacheka, nami nikacheka nao huku nikimwongezea juisi. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa Nanyuki. Nikisikia watu wanaongea Kiborana ndani ya ndege, lugha ya mama yangu, nawahudumia kwa Kiswahili cha uwanjani na Kiingereza, uso wangu haubadiliki. Sare ilikuwa imenikaa vizuri.

Basi ilikuwa safari ya mchana kwenda India, na mimi wakati huo ndiye kiongozi wa wahudumu. Bi Apondi alikuwa amekwishastaafu. Mbele alikaa bwana mmoja, amevaa koti jipya juu ya kanzu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyeshika kamba za ng'ombe. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Jina lake ni Halkano, mfanyabiashara wa mifugo wa Garbatulla, lakini hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo kwangu alikuwa abiria wa mbele.

Tulipokuwa tumepaa tu, akanipungia mkono. "Samahani bwana. Kuna mama mzee kule nyuma, ana mtandio wa kijani. Yuko sawa?"

Nikaenda kumtazama. Alikuwa amekaa kati ya wanawake wawili, amejikunja, mkoba kifuani, miguu imevimba juu ya viatu. Nikarudi nikasema yuko sawa.

Baada ya kidogo akaniita tena. "Chakula cha nyuma kimetoka?"

"Bado, bwana. Tunaanza na mbele."

"Nyuma kitatoka saa ngapi? Yule mama anafaa kula."

"Mnasafiri pamoja?"

"Ndiyo. Nampeleka hospitali."

Nikamtazama. Amelala kwenye kiti kinachonyooka kama kitanda, na mama mgonjwa amemweka nyuma na magoti kwenye kidevu. Nikamwambia, kwa ile sauti ya upole tunayofundishwa ambayo inaweza kukata ngozi, "Kwa nini usiende kumwona mwenyewe? Ni hatua chache tu."

Akatazama chini. "Siwezi," akasema.

Siwezi! Niliingia jikoni mwa ndege nikamwambia mwenzangu Mueni, aliyekuwa akihudumu nyuma, "Umemwona huyu? Hawezi kuvuka pazia kumwona mama yake. Anaogopa ataambukizwa uekonomi."

Mueni akasema, "Labda ana sababu."

"Sababu ni hicho kiti," nikasema.

Sheria haikuruhusu kuwahamisha watu ovyo, lakini kiongozi alikuwa na ruhusa kwa sababu za afya, na miguu ile ilikuwa sababu tosha. Nikaenda nyuma, nikachuchumaa ujiani ili macho yetu yawe sawa, kama nilivyofunzwa. "Mama, kuna kiti kizuri mbele. Utanyoosha miguu. Twende."

"Hapana, mtoto yangu. Hapa iko sawa."

"Mama, ni bure. Hakuna mtu atakuuliza."

"Hapa iko sawa. Nakaa na hawa mama."

Mmoja wa wale wanawake, aliyekuwa anataka nafasi ya kiwiko, akamsukuma kidogo. "Nenda mama, ni bahati hiyo! Mimi ningeshakimbia."

Akatikisa kichwa, akajifunika mtandio mdomoni. Nikasema moyoni, hii ni haya ya mtu wa nyuma, anadhani hastahili. Nikamshika mkono. Mtu mzee, mgonjwa, hajui Kiswahili cha kujitetea, ameshikwa mkono na mtu wa sare: atafanya nini? Alisimama. Nikambebea mkoba.

Lafudhi yake niliijua, ni ya kwetu. Kama ningemsalimu tu kwa Kiborana, "Akko, nagaa?" yaani bibi, ni amani? angeniambia lote kwa maneno machache. Neno lilikuwa mdomoni mwangu tangu utotoni. Lakini tulikuwa tunaelekea mbele, na mbele mimi nilikuwa wa Nanyuki.

Nilipofungua pazia, yule bwana aliruka kutoka kitini kama aliyeona moto. Akageuza uso ukutani. Mama akasimama, akavuta mtandio ukafunika uso wote. Mimi nikaona mtoto aliyefumaniwa na aibu yake, nikafurahi. Nikamketisha mama dirishani.

Halkano hakurudi kukaa. Alikwenda kusimama karibu na choo cha mbele, mgongo ametugeuzia. Taa ya mikanda ikawaka, nikamfuata. "Bwana, tafadhali rudi kwenye kiti chako."

"Nitakaa nyuma. Nipe kiti chochote nyuma."

"Taa imewaka, bwana. Kiti chako ni kile." Na Kiingereza changu kilikuwa kizuri sana wakati huo.

Akarudi. Wakakaa wawili hao, mmoja anatazama dirisha, mwingine anatazama ujia, shingo zimepindwa kama watu wa vita. Chakula kikaletwa: kitambaa cheupe, sahani ya udongo, kuku. Hakuna aliyegusa. Nikamwambia mama, "Kula, mama, jisikie nyumbani." Mtandio haukusogea. Nikadhani amechoka. Nikachukua sahani zote mbili zikiwa nzima, nikaendelea na kazi.

Waborana mnaosoma hapa mmekwisha kuelewa zamani, na mnashangaa mtu wa kwenu aliwezaje kutoelewa. Kwa wengine, nieleze. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wana haya kubwa kati yao. Hawatazamani usoni. Hakuna anayekula mbele ya macho ya mwenzake. Mume hatamki jina la mama mkwe wake mpaka kaburini. Si uadui, ni heshima iliyo kubwa kuliko mapenzi. Siku hizi vijana mmelegeza, wengine mnapiga picha pamoja. Wazee hawakulegeza.

Na mama yule alikuwa na ugonjwa wa sukari. Asubuhi alikuwa amekunywa dawa yake. Nairobi uwanjani hakula, kwa sababu walikuwa wakingojea kwenye benchi zinazotazamana. Alikuwa amejiwekea moyoni kwamba atakula ndani ya ndege, nyuma, kati ya wanawake. Nami nilimtoa pale kabla ya toroli la chakula kufika.

Niligundua nilipopita na maji. Mtandio ulikuwa umeteleza, jasho linamtiririka, midomo inatetemeka, kichwa kimeegemea dirisha kwa namna ambayo mtu aliyelala haegemei. Nikamwita, hakujibu. Halkano akageuka, akamtazama usoni, nadhani mara ya kwanza maishani mwake, akapiga kelele kwa Kiborana: "Sukari! Amekunywa dawa, hajala! Nitoeni hapa, atakula vipi nikiwa hapa! Ni mama wa mke wangu!"

Nikasikia maneno yote, na kichwa changu kikafunguka kama mlango wa choo kile cha Bi Apondi. Nikamjibu kwa Kiborana, bila kufikiri, "Nenda nyuma, kaa mahali pake, mimi niko naye."

Alisimama ujiani akanitazama. Hakuwa na hasira. "Kumbe wewe ni wa kwetu," akasema. Halafu, taratibu: "Na ulikuwa unajua."

Akapita, nikafunga pazia.

Kwa watakaofanya kazi hii: mtu wa sukari akizidiwa hivyo lakini bado anaweza kumeza, mpe kitamu upesi, juisi au maji ya sukari, kidogo kidogo, usimmiminie. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni. Tangaza kama kuna daktari. Akko aliweza kumeza. Mueni alileta juisi ya machungwa, nikamshika kichwa, nikawa namwambia kwa Kiborana maneno ambayo mama yangu alikuwa akiniambia nikiugua. Alikunywa. Baadaye macho yakarudi. Akanitazama mdomo, si macho, kama anayetafuta maneno yale yanatoka wapi.

"Ameenda?" akauliza.

"Ameenda, Akko. Pazia limefungwa."

Nikazirudisha zile sahani mbili, ndipo akala. Alikula kuku wote na mkate na ule wa Halkano, kwa vidole, vizuri, bila haraka, na chombo cha chumvi akakirudisha mahali pake. Mimi nilichuchumaa pale ujiani, na watu wa mbele walilazimika kusubiri kahawa yao.

Nilipokwenda nyuma nilimkuta Halkano amekaa kati ya wale wanawake wawili, magoti kwenye kidevu, trei ya plastiki mbele yake. Yule wa kiwiko alikuwa akimwambia, "Sasa wewe baba, umeshushwa cheo!" Yeye akatabasamu tu. Nikachuchumaa, nikamwomba msamaha. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni.

"Mke wangu amejifungua juzi, hakuweza kuja. Wengine hawana pasipoti. Nikamwambia mwenye ofisi ya tiketi anipe viti viwili vya mbali. Akasema hata vikiwa mbali, choo ni kimoja, njia ni moja, mtaonana. Akasema mbele kuna pazia. Nikataka mama akae mbele, akakataa, akasema anataka wanawake wenzake. Basi nikakaa mimi." Akaisogeza trei. "Watu wa mbele wanalipia kitanda, ndugu yangu. Mimi nililipia pazia."

Miaka yote nilikitazama kitambaa kile nikaona kiburi tu.

Tulipotua nilimtoa Halkano kwanza, kisha Akko kwa kiti cha magurudumu, nikihakikisha kuna umbali. Mlangoni nilitaka kumwomba msamaha naye, akanitangulia. "Mama yako yuko wapi?" Nikasema Isiolo, Wabera. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo nikiwa na sare tangu siku ya bunduki. Akasema, "Msalimie." Basi.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo. Siku hizi mnachagua viti kwenye simu, mnaandika kama hamli nyama, mnalipa zaidi kwa ajili ya miguu mirefu. Lakini hakuna mahali pa kuandika kwamba, "Nataka kuwa mbali na mtu ninayemheshimu." Hilo litabaki kuulizwa kwa mdomo. Kwa hiyo mtu wa mbele akikuambia hawezi, na mtu wa nyuma akikuambia hapa ni sawa, uliza kwa nini, kisha nyamaza. Na ukiwa na lugha yake, mwulize kwa lugha hiyo, hata mbele yako awepo nani.

Akko alitibiwa, akarudi, akaishi miaka mingi. Ni yeye aliyeanza kusimulia habari ya pazia kule Garbatulla, ikafika hapa mjini na jina la Pazia juu yake. Alisimulia kwamba alizidiwa ndani ya ndege, akatokea kijana wa kwetu, akafunga pazia, akamlisha. Kila neno ni kweli. Aliyemtoa kwenye kiti chake kwa kumshika mkono, na aliyeficha lugha yake, hamkumsikia kwenye habari ile.

Alipofariki nilikwenda kuhani. Halkano alinivuta pembeni ya turubai tukakaa kwenye jerikeni. Nikamwuliza kwa nini hawakuwahi kusema habari yote. Akasema, "Mimi nilitaka. Yeye alinikataza. Alisema, mtoto yule aliona haya mbele yangu, na mtu akishaona haya, hutakiwi kumwongezea."

Jina la mama yule sitaliandika. Halkano hajalitamka hadi leo, nami si wa kumtangulia. Nanyi vijana wa boda endeleeni kuniita Pazia, jina ni zuri na mimi nimelizoea. Mjue tu kwamba aliyelifunga pazia ndiye aliyelifungua bila kuuliza, na aliyelilipia ni Halkano.